Kiti cha Nyuma cha Shevrole

Jioni ile nilitumwa mikate miwili na maziwa, basi. Spaza, kile kiduka cha mtaani, iko hatua mia kutoka mlangoni kwetu, hapa Turffontein. Mtu mwenye akili zake angekwenda kwa miguu. Lakini mimi, Naseeb wa Tanga, miaka hamsini na miwili na kitambi cha heshima, nina Shevrole. Na mwenye Shevrole haendi dukani kwa miguu. Anazunguka kwanza mitaa mitatu ili aonekane.

Ni Constantia ya mwaka sabini na nne, rangi ya maziwa ya mgando, ndefu kama foleni ya kuomba viza. Jumamosi nabebea maharusi. Siku nyingine nabebea sifa zangu mwenyewe. Tangu walipoacha kuuza magari ya jina hilo nchini humu, sisi tuliobaki nayo tunatafutana kama kabila lililosaliwa na wazee tisa: huyu ana kabureta, yule ana taa ya nyuma, mwingine ana picha tu na machozi.

Ilikuwa Julai. Jua la Joburg mwezi huo huzama upesi, halikuagi. Nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, kwenye njia panda, alisimama mzee amejifunika blanketi. Teksi zilikuwa zinampita. Mkononi alishika tawi la miiba, majani yake bado mabichi.

Nikasimama. Nimezunguka nchi saba, nimekula ugali wa majina matano, na kote huko nilipewa lifti. Simwachi mtu barabarani.

Mzee hakuingia. Alifungua mlango wa nyuma kwanza. Akasubiri... kama unavyomsubiri mtoto apande. Akaufunga taratibu. Kisha ndipo akaja kukaa mbele, pembeni yangu, tawi mapajani.

"Nomvuyo," aliliambia lile tawi, kwa sauti ya chini. "Tumeingia garini. Tunaondoka sasa."

Nikatazama kioo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Spring zake zikalia. Nyii...

"Tata, shikamoo," nikasema, nikimwita baba kwa lugha ya huku, nikichanganya Kiswahili, Kizulu changu cha sokoni na Kiingereza. "Unakwenda wapi?"

Akanionyesha karatasi yenye anwani ya Katlehong. Hakunijibu.

"Nomvuyo, hapa tunapinda kulia. Nomvuyo, hili ni daraja, tunavuka."

Sasa, mtu mwingine angenyamaza. Mimi kimya kinaniwasha kama upupu. Nikaanza utani. Hakucheka. Nikamsifia blanketi. Kimya. Basi nikatoa silaha yangu kubwa: historia. Nikamweleza habari za Louis Chevrolet, Mswisi, dereva wa mashindano, aliyeanzisha gari hili Marekani mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja, akagombana na mwenziwe, akaondoka zake. "Mtu akaondoka, Tata, jina likabaki limekwama kwenye gari! Na hili unalolikalia lilikuja zimazima kwa meli kutoka Amerika. Kila parafujo!"

"Hapana."

Nikageuka. Mzee alikuwa anatabasamu, hakujiweza.

"Hakuna meli, kijana. Hizi tuliziunga sisi, kiwandani Port Elizabeth, hapahapa nchini. Miaka kumi na moja nimefunga milango. Huu hapa," akaugonga mlango kwa vidole, "huenda ni mkono wangu."

Akacheka. Nami nikacheka.

Halafu kicheko chake kikakatika.

Aligeuka nyuma polepole. "Nomvuyo?" akaita. "Nomvuyo?"

Garini kulinuka sweta la sufu lililoloa mvua. Hapajanyesha mvua Joburg tangu Aprili.

"Nimesema nawe," alininong'oneza. "Simamisha."

Pembeni mwa barabara alinieleza, na kila neno liliniingia kama mwiba. Nomvuyo alikuwa mjukuu wake, miaka minane. Aligongwa pale njia panda akitoka shule, siku ya mvua. Kwao, aliyekufa barabarani hubaki barabarani mpaka mtu wa nyumbani aje kumchukua na tawi la umphafa, mti ule wa miiba. Mbebaji humwambia marehemu kila kona, kila daraja, mpaka ndani ya ua wa nyumba. Haongei na mtu mwingine yeyote. Akiongea, roho husikia kwamba habari si zake tena. Roho humwacha mbebaji, na haiwezi kumsikia tena.

Mzee alifungua mlango wa nyuma, akaita mpaka sauti ikamkauka. Kisha akarudi njia panda kwa miguu, na tawi lake.

Nami? Nikaenda kununua mikate.

Sikumwambia mtu. Hata mke wangu. Siku ya tatu nilimfuata binti yangu Najma madrasa. Naye ana miaka minane, mwanangu wa pekee. Kiswahili anakielewa, lakini hupenda kunijibu kwa Kizulu cha wenzake wa shule. Kiswahili chake kizima kiko kwenye wimbo wa kulalia wa mama yake, ambao huuimba akiwa na furaha.

Alipanda nyuma. Akasogea dirishani, kama anampisha mtu.

"Baba," akasema, "kwa nini Nomvuyo hashuki?"

Usukani ukanitoka mikononi.

Kuanzia hapo mtoto akaanza kunipotea nikimtazama. Chakula hataki. Miguu ya baridi kama vigae. Daktari wa kwanza hakuona kitu, wa pili hakuona kitu. Shehe akamsomea, homa ikatulia hadi adhuhuri, ikarudi. Tukimlaza ndani tunamkuta garini, amejikunja kiti cha nyuma, ananong'ona. Ule wimbo akaacha kuuimba.

Jirani yetu Marthe, msusi, Mkongomani wa Lubumbashi, hupita kwetu kila jioni akinitania kuhusu gari langu. Siku ile alipita, akasimama, akaangusha mfuko wake wa nywele.

"Baba Najma, funga ile motokari."

"Imekuwaje, mama? Umeipenda leo?"

"Hapana kucheka. Kule nyuma mi naona batoto babili."

Mke wangu Biubwa alikuwa mlangoni, amesikia. Ni mtu wa Unguja, hapandishi sauti. Alinisogelea hadi pua kwa pua.

"Umempakia nani?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kanga imemlowa machozi.

"Kamrejeshe mtoto wa watu," akasema. "Mdomo wako ndio uliomleta. Kamrejeshe kabla hajaondoka na wangu."

Magharibi ya kesho yake nilimkuta mzee palepale njia panda, na tawi jipya. Mzee Mabandla, ndilo jina lake. Kila jioni alikuja kuita. Hakuitikiwa.

"Yuko kwangu, Tata," nikamwambia. "Anamvuta binti yangu."

Alifumba macho. "Mimi hanisikii tena. Sauti yako ndiyo aliyoizoea garini. Mbebe wewe. Na mtoto wako aje, maana mjukuu wangu hatatoka garini bila kumfuata wako hadi langoni." Akanipa tawi. Akanishika shavu kama ninavyomshika Najma. "Unaweza kunyamaza?"

Ingekuwa siku nyingine, ningecheka.

Tulimfunga Najma blanketi mbili, Biubwa akamweka nyuma. Hakupanda naye, mzee alikataa: mama angesemeshwa, angejibu. Mzee akatangulia na teksi kutufungulia lango.

Nikafungua mlango wa nyuma. Nikasubiri. Spring zikalia.

"Nomvuyo," nikasema kwa Kiswahili, sina lugha nyingine ya kuombea. "Tumeingia garini. Tunakwenda kwa babu."

Injini ya silinda sita ikanguruma. Nikaanza safari ndefu kuliko za nchi zote saba nilizozunguka.

"Nomvuyo, tunapinda kushoto. Nomvuyo, hii ni robot, taa nyekundu, tunasubiri."

Nyuma kulikuwa na pumzi. Za watu wawili. Moja fupi, moja ndefu...

"Nomvuyo, kijani. Tunakwenda."

"Baba."

Nikauma ulimi.

"Baba, nina baridi."

Ilikuwa sauti ya Najma. Niliijua hata usingizini. Nikaweka tawi sawa mapajani, miiba ikapenya suruali.

"Nomvuyo, tunavuka daraja."

"Baba, mbona hunijibu? Nimekosa nini?"

Machozi yalinizuia kuona barabara. Nikaendesha kwa mistari myeupe tu.

Halafu, taratibu, karibu kabisa na sikio langu, kama mtu ameegemea kiti changu:

"Baba... hili gari liliundwa wapi?"

Najma hajawahi kuniuliza habari za gari. Hulikimbia somo hilo kama mama yake. Anayejua kinachonifungua mdomo ni yule aliyenisikia siku ile.

Nilisaga meno. Nilionja damu.

"Nomvuyo, tumeingia Katlehong. Nomvuyo, hii ndiyo mitaa ya kwenu."

Na hapo, mbele, lango. Mzee Mabandla amelishika wazi kwa mikono miwili. Mishumaa imewashwa uani. Wanawake wamesimama kimya, vichwa wamefunika.

Nikapunguza mwendo. Pua ya Shevrole ikaingia. Taa zikamulika ukuta wa nyumba. Tumefika. Ya Rabi, tumefika!

"Baba!" Kilio. Kilio cha mtoto anayezama. "Baba, usiniache!"

"Nipo, mwanangu!"

Limenitoka.

Mzee aliinua mkono, akanionyesha nyuma yangu. Nikageuka.

Niliwahi kujisifu mara ngapi kwamba gari langu ni refu? Magurudumu ya mbele yalikuwa ndani ya ua. Kiti cha nyuma kilikuwa bado barabarani.

Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Changarawe ikalia chini ya miguu midogo, ikapita pembeni yangu, ikaingia uani... Mtoto mmoja. Mmoja tu. Sikuona kitu.

Najma alikuwa amelala nyuma, mashavu yana joto la uzima. Homa imekwisha. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Wanawake wakaanza kuimba. Mzee hakuimba. Alikuwa ananitazama.

Nyumbani mtoto alikula sahani mbili. Biubwa alisujudu. Marthe akatuletea soda, akasema kule nyuma haoni mtu tena. Nikarudi kwenye utani wangu, kidogokidogo, kama mtu anayekanyagia mguu uliovunjika.

Wiki ilipita. Jumapili mzee alinipigia simu.

"Mtoto uliyemleta," akasema, "hafahamu jina lake tukimwita. Kila jioni analia uani. Kisha anaimba. Nyumbani kwangu hakuna anayeijua lugha hiyo. Sikiliza."

Nikasikia upepo. Mbwa. Halafu, kwa mbali sana, sauti nyembamba...

Wimbo wa kulalia wa Biubwa.

Simu ikiwa sikioni niligeuka. Najma alikuwa mezani, anapaka siagi mkate.

"Mwanangu," nikamwambia, "niimbie wimbo wa mama."

Alinitazama kwa upole. Akatikisa kichwa, hajui. Akateremka kitini, akaenda dirishani, akaliangalia Shevrole. Akapiga kioo kwa vidole viwili, kama vile mzee alivyogonga ule mlango.

Sijamwambia Biubwa. Anamsuka nywele kila asubuhi, anamwita roho yangu. Nitamwambia nini? Labda homa ilimsahaulisha mtoto wimbo. Labda upepo wa Katlehong una sauti zake. Nalala na labda hizo.

Lakini mimi nilijibu, kwa hiyo anayelia Katlehong hanisikii tena ndani ya Shevrole, gari halimfai mtu aliyekwisha kuvunja kimya ndani yake. Anahitajika mwingine wa kushika usukani, na gari jingine, nami nijaribu upya kumwita mpaka aniitikie. Mzee Mabandla hunikatia tawi. Yeye naye hana jingine la kufanya.

Basi ukipita Katlehong jua likizama, ukaona mwanamume mwenye kitambi amesimama langoni mwa watu na tawi la miiba, akifungua mlango wa nyuma wa gari lako kabla hajapanda, mchukue. Endesha polepole.

Na nakuomba, ndugu yangu, hata kama unajua kisa kizuri kuliko vyangu vyote...

Usinisemeshe.