Swali Lililomkera Chapchap

Kila alasiri, akisha kuvua sare ya shule na kula kilichobaki jikoni, Chapchap alikwenda kukaa na mama yake katika chumba cha mbele. Mama alikuwa fundi cherehani. Mikono yake haikutoka kwenye kitambaa, kwa hiyo simu alimwachia bintiye ajibu wateja, atafute picha za mishono na kuhifadhi vipimo. Jina la Chapchap alipewa na kaka yake, maana binti huyu hakuweza kusubiri hata chai ipoe.

Kilichomkera kuliko vyote ni maswali ya simu. Programu ya mishono ilitoka katika duka la programu ambalo halikuja na simu, na kila lilipopatikana toleo jipya, swali lilijitokeza: "Ungependa kusasisha programu hii?"

"Si nilishasema ndiyo!" Chapchap alifoka. "Simu gani hii isiyosikia?"

"Jibu tu, mwanangu," mama alisema, pini zikiwa midomoni.

Ijumaa moja swali likamkuta katikati ya vipimo vya gauni la bibi harusi. Damu ikamchemka. Akatafuta mtandaoni namna ya kulikomesha, akakutana na tangazo: "Umechoka kuulizwa? Pakua hii, kila kitu kitaingia chenyewe." Akapakua. Simu ikamwonya kwamba programu hiyo haijulikani ilikotoka na inaweza kuleta madhara. Akabonyeza "Ruhusu". Programu ikataka namba za wateja wote na idhini ya kutuma ujumbe. Ruhusu, ruhusu! Hakusoma hata neno moja. Maswali yakakoma, naye akajiona mjanja.

Asubuhi iliyofuata mama wa bibi harusi aliingia bila hodi, kilemba kimemwenda upande.

"Fundi, umenivunjia heshima! Unaniandikia 'bonyeza uone gauni la binti yako', nabonyeza mbele ya wakwe, zinatoka picha za aibu! Baba mkwe kapaliwa na chai, nusura tumzike!"

"Mimi? Sijakuandikia chochote!"

Mama alinyakua simu. Ujumbe uleule ulikuwa umetumwa kwa kila mteja, na majibu yalikuwa matusi matupu. Akamgeukia kaka yake Chapchap, aliyekuwa amevutwa na kelele zile na ambaye alisifika kwa kuchokonoa vitu. Redio ya nyumbani aliifungua hadi leo haijafungika.

"Ni wewe!"

"Kila kikiharibika ni mimi!" kaka alipayuka, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Hiyo simu sijaigusa!"

"Nyamaza! Nani mwingine?"

Chapchap alitazama sakafu. Angeweza kukaa kimya, kwani mama alikwisha kuamini. Lakini alipoona midomo ya kaka yake ikitetemeka, hasira zake zote zikamgeukia mwenyewe.

"Ni mimi!" alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Niliweka programu nyingine. Yale maswali yalinichosha!"

Mama hakumpiga. Alimtazama mpaka Chapchap akatamani afadhali apigwe. Kisha akamwambia kaka, "Nimekuonea, baba. Nisamehe." Kaka hakugeuka. Alisonya, akatoka nje.

Mama mdogo, mwalimu wa kompyuta chuoni, alifika akiwa amenuna. Naye alitumiwa ujumbe ule. Alikata mtandao, akaiondoa ile programu, akafuta ruhusa zake zote na kubadilisha nywila.

"Lakini kwa nini lile duka linauliza kila mara?" Chapchap alinung'unika.

"Kwa sababu simu si yake!" mama mdogo alijibu kwa ukali. "Anayeingiza programu anaweza kubadilisha mengi ndani ya simu. Duka lililokuja na simu lilishapewa idhini na waliotengeneza simu. Maduka mengine lazima yapate kauli ya mwenye simu, ili kitu kisiingizwe kimyakimya. Na wale matapeli walijua kuna watu wenye hasira kama wewe, ndiyo maana wakaandika 'umechoka kuulizwa'. Hawakukubahatisha. Walikuwinda."

Siku nzima Chapchap alipiga simu kwa wateja, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi na kuwasihi waufute ule ujumbe. Wengine walimkaripia, wengine walimkatia. Mama wa bibi harusi alimsuta kwa pumzi moja ndefu, mwishowe akasema, "Haya, mwambie mama yako gauni nalitaka." Jioni kaka alirudi, akamsikia bado anaomba radhi kwa sauti iliyokauka. Akamsogezea kikombe cha maji.

Mama mdogo alipokuwa akiaga, alimshika Chapchap bega.

"Anayekuuliza amekutambua kuwa wewe ndiye mwenye mali. Wa kuogopa ni yule anayekuahidi kwamba hutaulizwa tena. Kwa hiyo soma kwanza, elewa, ndipo ujibu. Na ukiwa na hasira, iweke simu chini mpaka zikuishe."