Harusi Iliyongoja Nywele

—Huyu wa Jumatano ni nani?

Kinyozi alizima mashine. Mchumba wake, Fundi Cherehani, alikuwa kitini, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Hakuwa na pa kukimbilia. Simu yake ilikuwa kwenye rafu ya kioo, ujumbe umejianika:

"Jumatano saa tatu asubuhi. Kama ulivyoomba, hatutampigia mchumba wako. Matokeo kamili ni baada ya mwaka."

—Mwaka, Kinyozi alirudia. —Na harusi yetu umeisogeza mwaka. Ulimwambia shangazi yangu nyumba haijaisha.

Fundi alijigusa utosini.

—Ni daktari wa kupandikiza nywele.

Tangu harusi isogezwe, wiki mbili nzima, Kinyozi alikuwa ameandaa maneno ya kumpa mwanamke mwingine. Kwa upara hakuwa na hata moja.

—Yaani mimi nangojeshwa na kichwa?

—Dada zako wananiita Kiwanja. Niliogopa picha za harusi.

—Atakupandikizaje?

—Anachomoa mashina moja moja kisogoni, anayapanda mbele. Nilijaza fomu kwamba nywele zangu zimenyooka.

—Nani kakudanganya?

—Miaka minane unaninyoa kipara kila Jumamosi. Nitazijulia wapi?

Kicheko kilimtoka Kinyozi bila kupenda, na hilo lilimuudhi zaidi. Akamgusa kisogoni.

—Vipele hivi ninavyovihangaikia unadhani ni vya nini? Una kipilipili. Nywele zako zimejikunja mpaka ndani ya ngozi. Akizichomoa kama zilizonyooka, atakata mizizi.

—Basi akate kipande cha ngozi, atoe mashina humo.

—Mizizi itasalimika zaidi, ila utabaki na kovu refu. Na makovu yako huvimba. Mtafute anayekijua kipilipili, ajaribu chache kwanza, nyuma ya sikio.

—Kwa hiyo umenisamehe?

—Nimekushauri tu. Kichwa ni chako, panda utakavyo. Ila mwaka ni wangu, na hukuniuliza. Nywele kwanza au mimi kwanza? Ukitoka hapa bila jibu, Jumamosi tafuta kinyozi mwingine. Na mke pia.

Fundi aliichukua simu, akapiga, akaweka sauti ya juu.

—Shikamoo, shangazi.

—Marahaba, mwanangu. Nyumba imefikia wapi?

—Iliisha zamani. Nilikudanganya, shangazi. Nilikuwa naona haya kwa ajili ya upara. Naomba tarehe yetu ya mwezi ujao irudi.

Shangazi aliguna.

—Upara? Sisi tulijua una mke mahali. Tulishaanza kumtafutia binti yetu mume. Yupo hapo?

—Nipo, shangazi.

—Bado unamtaka huyu?

Kinyozi alimtazama kwenye kioo: kichwa nusu, jasho mpaka kidevuni. Alikuwa na hasira naye, na alimpenda. Akaiwasha mashine.

—Namtaka. Ila gauni langu atalishona kwa mkono, bila cherehani. Na tarehe haisogei.