Mgongo wa Asubuhi

Kila alfajiri rimu ya gari iliyotundikwa mbele ya ofisi ya kijiji ilipogongwa, watu wa kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Kabuku, walibeba majembe kwenda shamba la pamoja. Wote, isipokuwa kaka yangu Mbwana. Kijana wa miaka ishirini, alijikongoja kwa kushika ukuta, akilalamika kuwa mgongo umekaza. Alinitia kinyaa! Mchana nilimwona kwa macho yangu akikimbiza mpira.

"Kupe huyo, ananyonya jasho letu," wenzangu walisema. Nami nilicheka nao bila haya.

Jumamosi mkutano uliitishwa ili afukuzwe kijijini. Katibu, Ndugu Mbaruku, aliuliza kama kuna shahidi. Nikasimama.

"Ndugu Katibu, mchana anacheza mpira. Asubuhi anajifanya tu."

"Aondoke!" watu walipaza sauti. Mbwana alinitazama.

Mganga wa zahanati, Bwana Eliasi, akanyoosha mkono. "Chausiku, kaka yako akilala sana anakuwaje?"

"Mgongo unazidi kukaza."

"Na akitembea?"

"Unalegea."

Akamgeukia babu yetu, Mzee Mhina, aliyepinda mgongo hata hakuweza kutazama mbele. "Shikamoo, mzee. Maumivu yako ya mgongo yalianza lini?"

"Marahaba. Nikiwa kijana kama huyu. Wakaniambia nipumzike. Nikalala, mgongo ukakauka."

"Basi si uvivu," alisema mganga. "Nadhani ni uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo, na hatari yake hurithiwa katika ukoo. Nitamwandikia barua aende hospitali Korogwe. Asilazwe kitandani, atembee."

Katibu, kwa aibu, alitangaza kuwa Mbwana hafukuzwi. Ataanza kazi jua likishapanda.

Sasa kinyaa kilinirudia mwenyewe. Niliuchukia ulimi wangu. Kisha hofu ikanishika. "Mganga, nami nitapinda?"

"Huenda usiugue kamwe. Kurithi hatari si kurithi ugonjwa. Ila siku ukiamka na mgongo mgumu, usifiche."

Kesho yake, kabla rimu haijagongwa, nilimshika Mbwana mkono tukaanza kuizunguka nyumba polepole. Nikamwomba radhi. Babu alikuwa ameketi mlangoni.

"Mjukuu wangu," alisema, "jana hukusema uongo, mpira anacheza kweli. Lakini usimhukumu mtu kwa nusu ya siku yake."