Mwizi Aliyelilaza Gitaa

Msumari ulibaki ukutani. Gitaa ndilo halikuwepo.

Inspekta Editha aliutazama msumari ule, kisha akamgeukia Mzee Kibwana, aliyekaa kitandani mikono mitupu kama mtu aliyetoka mazikoni. Zilibaki siku mbili Idi ifike. Na Idi ya mtaa wa Bigwa bila Mzee Kibwana kuimba "Sahani ya Jirani" ni siku ya kawaida tu, ila watu wamevaa vizuri.

"Lilichukuliwa saa ngapi, mzee?"

"Jana nilikwenda kuswali alasiri. Narudi, hakuna."

"Ufunguo?"

"Huwa juu ya mlango."

"Nani anajua?"

"Nani asiyejua?"

Alama za vidole mlangoni zilikuwa za mtaa mzima, hazikumfaa kitu. Inspekta akapiga magoti chini ya msumari. Pale sakafuni palidondoka vipande vya majani ya mgomba, makavu, yamefikichwa mpaka yakawa laini. Migomba imejaa Bigwa, lakini nani anahangaika kufikicha majani yake? Hivyo hufanya watu wa Mgeta, kule milimani, wanapotandika tenga, matunda yasichubuke kwenye lori.

Ina maana mwizi alikaa humu akaliandalia gitaa malazi. Mwizi gani huyo?

Kwanza alimhoji Sufiani wa bodaboda, maana mtaa mzima ulimtaja.

"Idi iliyopita ulimcheka mzee."

"Nilicheka, afande. Alirudia ubeti wa kwanza mara tatu. Nikamrekodi, nikarusha kwenye magrupu."

"Na gitaa?"

"Mimi hata filimbi ya refa inanishinda. Gitaa nipeleke wapi?"

Akamwachia. Lakini hiyo mara tatu ilimganda kichwani. Alirudi kwa mzee kumuuliza ana ndugu gani Mgeta. Mzee akasema ni dada yake tu, Mwaisha, anayeshusha mboga na matunda mjini kila wiki, na jana alipita kumsalimia. Ila huyo asiguswe, wamenyonya ziwa moja.

Asubuhi Inspekta alipanda na lori lililorudi tupu. Alimkuta Mwaisha mtoni, anaosha karoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nilikungoja tangu jana."

Nyumbani kwake, tenga lilikuwa pembeni ya kitanda. Chini ya majani lilikuwemo gitaa, limefungwa kwa khanga mpya ya Idi ambayo mwenyewe hajaivaa.

"Umeiba, mama?"

"Nimeiba. Andika." Mwaisha akajifuta mikono. "Idi ile tunarudi nyumbani, jasho la kuimba halijamkauka, ananiuliza, 'Mwaisha, tunaimba saa ngapi?' Usingizi ukanipaa mwaka mzima. Nikasema, bora watu wamlaani mwizi kuliko kumcheka kaka yangu."

Inspekta aliandika maelezo yale taratibu, na mara mbili alisimamisha kalamu. Kisha wakateremka pamoja, mtuhumiwa amepakata kidhibiti mapajani kama mtoto mgonjwa.

Mzee Kibwana alisomewa yote. Mwaisha akaanza kulia.

"Mlidhani sijui?" mzee akasema. "Ubeti wa pili unanitoka. Mwezi mzima nimejifungia nao humu. Usinifiche, dada. Kaa ubavuni kwangu. Ubeti ukinitoka, ninong'oneze."

Akalipokea gitaa, akaanza kukaza nyuzi moja moja.

"Na malalamiko yako, mzee?" Inspekta aliuliza. "Jalada limeshafunguliwa."

Mzee alimtazama kwa upole, kama mtu asiyejua lolote.

"Malalamiko gani, afande?"

Inspekta alimchunguza usoni kwa muda. Amewahoji majambazi sugu na waongo wa kila aina, lakini uso ule ulimshinda kuusoma. Akafunga daftari, akaaga.

Alipofika barabarani alizisikia sauti mbili za kizee, moja ikiitangulia nyingine kwa neno moja tu, zikiuvuka ubeti wa pili.