Kipimo cha Kofia

Umulkheir alikutana na Odera katika soko la Bukoto, Kampala, watu wakigombania sukari na sabuni kabla mji haujafungwa kwa sababu ya korona. Yeye alikuwa na baibui lililojaa vumbi, mkononi nyuzi za kushonea. Mbele yake mwanamume mrefu, shati la manjano, alijaribu kofia baada ya kofia na hakuna iliyomwenea.

"Banange, kichwa gani hicho!" alicheka. "Inama nikupime, mimi hushona kofia."

Akamzungushia uzi, akaukata, akautia mkobani.

Mji ukafungwa. Nakhisa, mchoraji wa mtaa, aliona majirani wanavyonyong'onyea vyumbani peke yao. Akagawa vitambaa na sindano getini, akawapanga wawili wawili wawe wanashona jioni huku wakiongea kwa simu. Umulkheir akapangiwa Odera, yule yule mwenye kichwa. Haikuchukua muda wakaanza kuitana mpenzi.

"Leo unashona nini, mpenzi?"

"Kofia."

"Ya nani?"

"Ya mwanamume mmoja. Acha umbea!"

Alikuwa akimtania tu. Lakini Odera alikuwa amekulia Mombasa, na alijua kwamba wasichana wa Kiswahili huwashonea wachumba wao kofia. Akaaga kwa sauti ndogo, na tangu hapo hakupokea simu.

Sasa muone Umulkheir, mtoto wa watu! Anakaa, anainuka, anachungulia barabara tupu, anajidunga sindano. Akaulaani ulimi wake. Alimpenda, na alikuwa anampoteza kwa mzaha.

Amri ya kufunga mji ilipolegezwa, majirani walikuja kutundika vitambaa vyao ukutani kwa Nakhisa. Odera alifika na begi mgongoni, safari ya Kenya, mkononi kitambaa chenye ua lililopinda.

"Nisalimie mchumba wako," alisema bila kumtazama.

"Inama, nimsalimie."

Akainama asielewe. Kofia ikaingia, ikamkaa sawasawa.

"Uzi wa sokoni ninao bado," Umulkheir alisema, machozi yakimlenga. "Kichwa kama hiki Kampala kuna kingine?"

Odera aliipapasa kofia kwa vidole vyote.

"Umu, mimi Mkristo."

"Nilijua kabla sijatunga uzi. Baba naye nimemwambia. Alifoka wee, jana akasema uende kwake Makindye ukaseme mwenyewe unataka nini."

"Yupo leo?"

"Yupo."

Odera akavua begi, akamkabidhi Nakhisa.

"Nishikie. Umu, twende sasa hivi, kabla sijaanza kuogopa."