Mkono wa Kulia, Inchi Ishirini na Tatu

Kwa maelezo ya jirani, mke wa fundi saa, binti wa mwoka mikate aliondoka mjini mwaka jana huku anacheka.

"Nilimwona kwa macho yangu haya," alisema, amesimama mbele ya kioo akijaribishwa gauni. "Kavaa nguo yake nyeupe, kapendeza mpaka nikamwonea wivu. Kapanda gari la asubuhi kwenda kwa mjomba wake. Kanipungia mkono, na mimi nikampungia."

"Gari la rangi gani?" aliuliza Sindano, pini tatu mdomoni.

Jirani akakwama kidogo.

"Wewe naye. Nani anaangalia rangi ya gari wakati mtu anaaga?"

"Geuka, mama. Pindo limepanda huku."

Sindano hakuuliza tena. Alikuwa na miaka ishirini, mwembamba, mpole, mtu wa kutazama kuliko kusema, ndiyo maana shangazi yake alimpa jina hilo. Lakini alijua jambo ambalo jirani hakuligusa. Ile nguo nyeupe ilirudi. Ilirudi wiki moja baadaye kwenye mfuko wa ofisi ya mji, imelowa chapachapa, na vifungo vyote kumi na viwili vimefungwa, mpaka kile cha shingoni. Hakuna mtu anayeweza kuivua nguo ile bila kufungua kifungo cha shingoni.

Ulikuwa mji mzuri, hilo halina ubishi. Maua kila dirisha. Barabara zinafagiliwa mara mbili kwa siku. Watoto hawakohoi, wazee hawalalamiki magoti. Maji ya bomba yalikuwa matamu na baridi, na yalitoka kwenye nyumba ya maji, pale katikati ya mji, yenye mlango wa kijani. Kila mwaka mtu mmoja "alihama". Ofisi ilileta karatasi ya vipimo isiyo na jina, Shangazi akashona, na Jumamosi asubuhi mwenye vipimo hivyo akavalishwa na kusindikizwa hadi kwenye mlango wa kijani. Watu wote walijua, na wote walisema amehama.

Jirani alipoondoka, Shangazi akaweka karatasi ya mwaka huu mezani, juu ya kitambaa cheupe.

"Kata leo. Macho yangu siku hizi hayaoni chaki."

Sindano akasoma huku akichora. Shingo kumi na tano na nusu. Kifua thelathini na nane. Mkono wa kushoto ishirini na nne. Mkono wa kulia ishirini na tatu.

Chaki ikasimama.

Mji mzima ulikuwa na mwanamume mmoja tu ambaye mkono wake wa kulia ulipungua inchi nzima. Alianguka kutoka kwenye ngazi siku moja akipaka rangi ghorofani, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo watu wakamwita Ngazi. Sindano ndiye aliyempima mwezi wa kwanza, siku mji mzima ulipopimwa. Alikuwa akijikunyata na kucheka: "Unanipima au unanitekenya?" Mwezi ujao walikuwa waoane.

Akatoka uani, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Juu ya ngazi. Ningekuwa wapi tena?"

"Shuka."

"Nimebakiza kipande kidogo. Nikishuka sasa ukuta utaota mabaka, na mwenye nyumba ana mdomo huyo."

"Ngazi, shuka."

Akasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Umeiona karatasi," Ngazi akasema.

Simu nusura imponyoke.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumatatu."

"Leo Alhamisi. Jana tumekaa hapa tunachagua mapazia. Ukaniambia unataka ya njano."

"Nilikuwa nayataka kweli."

"Tuondoke. Sasa hivi, hivi hivi tulivyo."

"Na mdogo wangu? Unajua wanavyofanya. Mtu akikimbia, wanachukua wa nyumbani kwake. Ana miaka tisa, Sindano."

"Nani kakuambia? Karatasi haiendi kwa mtu. Inakuja hapa kwetu."

Akamsikia akivuta pumzi.

"Muulize shangazi yako. Ila usimseme sana."

Akakata. Punde ujumbe ukaingia: "Nilikubali mwenyewe. Hakunilazimisha. Nakuja."

Sindano akarudi ndani. Akaishika karatasi karibu na dirisha, akaitazama kwa mara ya pili, na safari hii hakutazama namba.

"Shangazi, karatasi za ofisi hupigwa chapa. Hii imeandikwa kwa mkono. Mkono wako."

Shangazi aliendelea kukanyaga cherehani. Ilikuwa ikishona hewa, hakukuwa na kitambaa.

"Ile iliyoletwa iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Ilikuwa na vipimo vya nani?"

Cherehani ikanyamaza.

"Kiuno ishirini na tatu," Shangazi akasema. "Nani mwingine mji huu ana kiuno cha namna hiyo? Nimekushonea tangu una miaka mitatu, wazazi wako hawapo. Nikisome kiuno chako kwenye karatasi yao, halafu nichukue mkasi?"

"Ukaenda kwake."

"Nikaenda. Nikapiga magoti sebuleni kwake, mtu mzima mimi. Sikumwambia chochote zaidi ya kwamba ni wewe. Yeye ndiye aliyesema, andika vyangu."

"Ulijua atasema hivyo."

Shangazi akajifuta pua kwa kiganja.

"Nilijua."

"Na ofisi?"

"Ofisi haina habari na sura ya mtu. Wanataka mmoja, na nguo imkae barabara, kwapa, bega, shingo. Ikimkaa, wanapokea."

"Kwa hiyo vingeweza kuwa vipimo vya yeyote."

"Ndiyo."

"Hata vyako."

Shangazi hakutazama juu.

"Nilianza," akasema polepole. "Nilishika kalamu nikaandika shingo yangu. Mkono ukakataa kuendelea. Nimeshona nguo kumi na tisa, mwanangu. Kumi na tisa, na kila moja nikijiambia huyu naye anahama. Siku ile kalamu ilipokuwa mkononi ndipo nikaona kwamba sijawahi kuliamini neno hilo hata siku moja. Niliogopa. Nikamwendea kijana wa watu."

Sindano hakupaza sauti. Alikifuta kitambaa kwa kiganja mpaka alama za Ngazi zikafifia, akachukua chaki, akaanza upya. Kiuno, ishirini na tatu.

"Unafanya nini?"

"Nakata vyangu. Vilikuwa vyangu tangu mwanzo."

"Usinitishe."

"Sikutishi, Shangazi. Shika upande huo, kitambaa kinateleza."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Ngazi alisimama kizingitini, anahema, mikono imejaa rangi hadi kwenye viwiko. Akaiona chaki, akasoma mezani, akaelewa.

"Futa hiyo," akasema.

"Kaa pembeni, utachafua kitambaa."

"Sindano, mimi nimeshakubali. Watu wamekwisha kubaliana."

"Mmekubaliana nyinyi wawili. Mimi mlinichagulia mapazia."

Ngazi akamsogelea, akamshika kifundo cha mkono ule wenye chaki, rangi ikabaki pale vidole vyake vilipogusa. Sindano akaegemeza paji la uso kifuani kwake, mara moja tu, kisha akainuka.

"Vua hiyo kofia ya kazi, tafadhali," Shangazi akamwambia Ngazi, kana kwamba ni siku ya kawaida tu dukani. "Na ufunge mlango."

Shangazi mwenyewe akasimama. Akavua sweta lake, akalikunja, akaliweka juu ya cherehani. Akaenda mbele ya kioo, pale wateja wanaposimama, akawapa mgongo wote wawili.

"Shangazi, hapana," Ngazi akasema. "Nimekwambia mimi niko tayari."

"Wewe nyamaza, baba. Nilikuja kwako kukuuliza jambo ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe." Akainua mikono, akaitandaza usawa wa mabega. "Namba zangu za kitabuni ni za zamani, na mimi nimepungua. Siwezi kujipima. Nikiinama bega linapanda, kipimo kinaharibika, na nguo hii haitaki makosa."

Futi ya kupimia ilikuwa shingoni kwa Sindano, imening'inia pande zote mbili.

"Nipime, mwanangu."

Ngazi alimtazama Sindano. Sindano aliutazama mgongo ule, ule aliobebwa nao akiwa mtoto, na lile bega la kulia lililopinda kwa miaka ya kuinamia meza. Mikono ya Shangazi ilianza kuchoka, lakini hakuishusha.