Maswali Anataka Kusomea Saikolojia

Mama Fundi alikuwa na sheria moja kazini. Hakukata kitambaa cha mtu kabla ya kumwuliza, "Nguo hii unakwenda nayo wapi?" Ya ofisini haishonwi kama ya shambani. Akishajibiwa, alichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaikata, akaijaribisha mwilini mwa mteja. Mkasi ulifika kwenye kitambaa mwisho kabisa.

Nyuma ya cherehani, kwenye msumari, lilitundikwa shati la buluu lisilo na vifungo. Mumewe, dereva wa lori, alifariki kabla halijakwisha. Mwaka wake wa mwisho alikuwa hacheki, halali, hasemi. Nyumbani walidhani ni uchovu wa safari. Wateja wakiuliza shati ni la nani, Mama Fundi alijibu, "La mtu," akaendelea kukanyaga cherehani.

Binti yake aliitwa Maswali tangu alipojua kusema. Sasa alikuwa amemaliza sekondari, na maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa Ijumaa. Jumanne asubuhi alileta fomu.

"Mama, nimeamua. Nasomea saikolojia."

Cherehani ilinyamaza. "Ndiyo nini hiyo?"

"Elimu ya akili na tabia. Namna watu tunavyofikiri, tunavyohisi."

"Ukakae na wendawazimu? Watakupiga, mwanangu! Jaza ualimu. Ualimu naujua."

"Sitaki ualimu. Nasoma miaka mitatu, natoka daktari, nafungua chumba changu. Watu kama baba watakuja kuzungumza."

Mama Fundi aliinamia mshono wake. "Baba yako mwache apumzike. Na fomu hiyo siitii sahihi."

Siku mbili walipishana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Alhamisi aliingia jirani yao, mshauri wa watu wenye matatizo ya moyoni pale kliniki. Alikuja na sketi mkononi.

"Fundi, sketi yangu imeingia maji, imerudi."

"Haijarudi, jirani. Wewe ndiye umeongezeka."

Walicheka. Maswali alimwamkia kutoka kwenye kona. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama sketi yangu?"

"Anataka kuwa kama wewe," alidakia Mama Fundi. "Daktari wa vichaa."

"Mimi si daktari, na wanaokuja kwangu si vichaa. Ni watu kama sisi. Mmoja hapati usingizi. Mwingine amefiwa, hajui aanzie wapi kusema."

Mama Fundi alitafuta sindano ambayo hakuwa ameipoteza.

Mshauri alimgeukia Maswali. "Na wewe, chumba chako unafungua lini?"

"Baada ya miaka mitatu."

"Basi utafungwa wewe pamoja na chumba chako! Shahada ya kwanza ni msingi tu. Mimi nilisoma tena shahada ya pili. Nikafanya kazi chini ya mtu mwenye uzoefu, ananisimamia, ndipo nikapata kibali. Na daktari wa magonjwa ya akili, yule anayeandika dawa, huyo alianza kwa kusomea udaktari. Njia yake ni nyingine kabisa."

Mabega ya Maswali yalishuka. "Sasa shahada ya kwanza ina faida gani?"

"Si nilisema?" Mama Fundi alirukia. "Ualimu."

"Taratibu, Fundi. Mwulize vile unavyotuuliza sisi wateja."

Mama Fundi alimgeukia bintiye. "Haya. Shahada hiyo unakwenda nayo wapi?"

Maswali aligeuza fomu huku na huku. Mama yake akavuta karatasi ya saruji na chaki, akavisukuma mezani.

"Chora."

Mshauri alieleza, Maswali akachora mistari. Mmoja ulikwenda ofisi ya wafanyakazi, kuchagua watu na kuwafunza kazi. Mwingine ulikwenda kwenye mashirika yanayosaidia vijana na familia. Wa tatu ulikwenda kwenye utafiti, kuuliza watu maswali na kuchambua majibu.

"Kuuliza maswali wanalipa?" Mama Fundi alishangaa. "Huyu ametufanyia bure miaka yote hii!"

"Wanalipa. Na akiongeza mafunzo, anaweza kuwa mshauri shuleni."

"Ahaa! Ualimu umeingia kwa mlango wa nyuma."

Mstari mrefu kuliko yote ulikwenda kwenye kile chumba.

"Kuna somo la takwimu," Mshauri alionya. "Usilikimbie. Kesho pigia chuo simu. Uliza kama kozi inatambuliwa na serikali, na kama wanafunzi wanapelekwa kazini kujifunza. Halafu njoo kliniki wakati wa likizo, ujitolee. Utajua mapema kama unaiweza."

Akashusha sauti. "Na kama unasoma ili umponye baba yako, utaumia bure. Soma kwa ajili ya walio hai."

Ijumaa chuo kilijibu simu: maswali yote mawili, ndiyo. Mama Fundi alifuta mikono, akatia sahihi.

Takwimu ilimwangusha Maswali mara moja. Alirudia, akafaulu. Likizo alikuwa kliniki, akipokea wagonjwa na kuwapangia zamu. Mwaka wa mwisho alipelekwa ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda cha sabuni, na alipohitimu wakamwajiri. Ile karatasi ya saruji bado anayo. Mstari mrefu hajaufuta. Ameanza kuulizia shahada ya pili.

Jumamosi moja alirudi nyumbani, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mama, lile shati. Niambie habari zake."

"Unataka kunitibu?"

"Kutibu sijasomea bado. Mimi ni mwanao, nasikiliza tu."

Mama Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Alianza na vifungo. Vilikuwa vya kahawia, marehemu alivichagua mwenyewe, wakabishana. Kisha akasema ya ule mwaka wa kimya. Akasema mpaka chai ikapoa. Maswali hakuuliza hata swali moja.

Alipomaliza, Mama Fundi alishusha shati kutoka kwenye msumari, akafungua kopo la vifungo, akatunga uzi kwenye sindano.